Mtunguja Ulikuwa Mmea Wangu

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, keki, na daftari jipya lenye jalada gumu, na mmoja wenu akaniomba niandike yale niliyojifunza ili nyinyi mliobaki msianze kila kitu upya. Keki imekwisha. Saa inakwenda mbele dakika sita. Daftari ndilo hili. Sitaandika juu ya vyeo wala mishahara, maana vyeo vyangu vilikuwa viwili na mnavijua vyote. Nitaandika juu ya mmea mmoja wenye miiba na sumu, na juu ya mwanamke mmoja ambaye nimemwonea wivu kwa miaka thelathini na mbili. Anaitwa Njeri. Wachache wenu mlimkuta kazini. Wengine mmeliona jina lake tu kwenye makabati.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na sita, nikiishi Muthangari katika chumba cha kupanga, nikitembea kwa miguu mpaka mjini ili kuokoa nauli. Jengo letu la kuhifadhi mimea iliyokaushwa mnalijua: mawe ya kijivu, madirisha yasiyofunguka, harufu ya dawa ya nondo inayoingia kwenye sweta na kukufuata kanisani Jumapili. Mimi sikujua mtu anaweza kuajiriwa kushona majani kwenye karatasi. Nilidhani nimeitwa kufagia.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Simiyu, fundi mkuu wa kubandika. Mtu mrefu, koti la kazi la khaki, miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na desturi yake kwa kila mgeni. Wengine humpa mgeni chai. Yeye alimpa tawi la mtunguja lililokauka, karatasi ngumu moja, sindano, uzi na gundi, kisha akaenda zake. Alisema mtu akiweza kuulaza mtunguja, ataweza kulaza chochote.

Kama bado hamjaushika, ngoja niwaeleze. Ni kichaka cha kufika kiunoni, cha nchi kavu, ingawa siku hizi utakikuta hata kando ya Waiyaki Way penye kifusi. Majani yake ni laini kama blanketi la mtoto, ya kijivu upande wa chini, na katikati ya ule ulaini kuna miiba, mpaka kwenye mishipa ya jani. Maua ni ya zambarau. Matunda yakiiva huwa ya manjano, ya mviringo, yanapendeza kabisa, na ni sumu. Mahali ambapo mbuzi wamekula kila kitu utaukuta umesimama peke yake, kwa sababu mbuzi si wajinga.

Mimi nilizaliwa Kitui. Huo mmea ulikuwa uani kwetu. Tulicheza mpira kwa matunda yake na tulichapwa tukijisugua macho kabla ya kunawa. Mama alitafuna mzizi wake jino likimuuma, akatema, akatafuna tena. Jirani yetu mmoja aligandisha maziwa kwa maji ya tunda, kidogo sana, kwa kipimo alichokijua yeye peke yake na ambacho hakumwachia mtu. Msijaribu.

Basi lile tawi nililishika nilivyofundishwa na maisha, kwa shina, chini ya jani la kwanza. Sikuchomwa hata mara moja. Mzee Simiyu aliporudi alitazama vidole vyangu kabla ya kutazama karatasi.

"Wewe umetoka nao nyumbani," akasema.

"Ndiyo, Mzee. Kwetu umejaa."

"Basi huu ni wako."

Alikuwa akitania. Mimi nililichukua lile neno kama hati ya shamba.

Kwa mwaka mzima mtunguja ukiletwa nilikuwa naitwa mimi. Nilijifunza mengine kwa kuuhangaikia huo. Kwamba tawi la miiba huliweki kwenye presi ya kubania mimea moja kwa moja, litatoboa magazeti yote na kuwachoma jirani zake. Unaliweka kwanza kati ya mbao mbili, unapanda juu kwa viatu, miiba inalala, ndipo unalihamisha. Kwamba lazima jani moja ligeuzwe tumbo juu, maana atakayekuja baada ya miaka hamsini atataka kuona pande zote mbili na hatakuwa na nafasi ya kukuuliza. Kwamba gundi peke yake haitoshi kwa shina, ushone, na fundo liwe nyuma. Na kwamba tunda nene haliingii kwenye presi kabisa. Hilo la tunda nitalirudia.

Njeri alikuja mwaka wangu wa pili, Jumatatu, amevaa sweta aliyoifuma mwenyewe. Alitoka Kinoo, kwa baba mwenye shamba na nyumba za kupangisha kando ya barabara. Kwa hiyo mimi nilikuwa mpangaji na yeye alikuwa binti wa mwenye nyumba, na hata kama hakuwahi kulisema, mimi nililisikia kila akicheka. Kufikia saa ya chakula alikuwa anawaita wote kwa majina. Alikuwa amebeba mukimo kwenye bakuli kubwa na akatupakulia wote. Mimi nilikuwa nimefunga chapati moja, nikaila nikiwa nimegeukia dirisha.

Mzee akampa tawi lake la mtunguja. Alichomwa mara mbili, akacheka, akaweka kidole mdomoni, Mzee akamfokea ateme. Nilifurahi. Lakini saa nane nilipopita nyuma yake kwa kisingizio cha kutafuta mkasi, niliona karatasi yake. Tawi langu mimi lilikuwa limenyooka, kila jani mahali pake, kama askari wa gwaride. Lake lilikuwa limeachwa lipinde lilivyopinda likiwa hai. Ungeweza kujua upepo ulitoka upande gani. Mzee Simiyu alisimama pale akilitazama, kisha akaenda kumwita mkuu wa chumba aje kuangalia.

Langu hakumwitia mtu.

Wivu wangu ulianzia hapo, na sitaupaka sukari. Nilimwonea wivu mwandiko wake, uliokuwa wa duara na wazi mpaka wageni walidhani ni wa mashine. Nilimwonea wivu mume aliyekuja kumsubiri langoni na mwavuli. Wangu hakujua hata lango liko wapi. Zaidi ya yote nilimwonea wivu maswali yake. "Mumbua, kwa nini hii iko na miiba imejipinda na hii imesimama?" Mimi nilikuwa nimeishi na huo mmea tangu nitambae na sikuwahi kuuliza. Nilimjibu kwamba ndivyo ulivyo. Yeye akaenda kutafuta kitabu.

Mjue jambo moja kuhusu chumba chetu, ninyi wageni kabisa. Kila karatasi ina lebo ya aliyeuchuma mmea, na namba yake. Mtu mwingine akija baadaye akaona jina la mmea si sahihi, hafuti. Anabandika kijikaratasi chake juu kidogo, chenye jina analolidai na sahihi yake. Akija wa tatu, naye anabandika. Hakuna kinachotolewa milele. Ukibandikiwa kosa lako, limebandikwa. Wajukuu wa wajukuu watalisoma.

Mzee Simiyu alipostaafu, alitugawia makabati. Kabati la jamii ya mitunguja akampa Njeri. Nilikwenda chooni nikalia mpaka nikaishiwa na karatasi. Kisha nikamfuata nje akifunga kamba za mzigo wake.

"Mzee, uliniambia ule ni wangu."

Akafikiri kwanza. Hata hakukumbuka. "Mumbua, wewe mtunguja unaujua," akasema. "Huyu anauuliza. Hiyo kabati inataka mtu wa kuuliza."

Alipofariki nilichanga, nikasafiri mpaka kwao Bungoma, nikalia kaburini na wenzangu, na nilikuwa sijamsamehe.

Miaka ikaenda. Tulizaa, tukaanza kuitana kwa watoto. Mimi nikawa Mama Kioko, yeye Mama Wambui. Watu waliokuja na swali juu ya mitunguja, wa mifugo, wa shamba, mwanafunzi aliyepotea, walielekezwa meza ya Njeri. Alikuwa akinigeukia mbele yao na kusema, "Huyu ndiye ameukulia, mwulizeni." Wenzangu walimsifu kwa unyenyekevu. Mimi niliona ananitupia makombo. Kwenye leso za mama zetu huandikwa mwenye wivu ajinyonge, na nilikuwa nayo moja nyumbani; niliifanya ya kufutia meza.

Mwaka wangu wa kumi na tisa tulitumwa Kitisuru. Kulikuwa na kiwanja kitakachojengwa, na mwenyewe alikuwa ameruhusu tuchume kabla ya tingatinga. Upande mmoja palikuwa na ua wa zamani wa mtunguja mkubwa, ule ambao watu wa Njeri walikuwa wakiupanda kuzuia ng'ombe: miiba imejipinda kama kucha za paka, tunda kubwa kama limau lenye chuchu mbele. Hatua kumi kutoka hapo, kwenye udongo mtupu, ulikuwa umeota mtunguja wetu mdogo wa nchi kavu. Yote miwili pamoja, na matunda. Njeri alifurahi kama mtu aliyekuta noti kwenye koti la zamani. Akachuma yeye, akaandika yeye. Mdogo akaupa namba mia sita kumi na moja. Mkubwa, mia sita kumi na mbili. Mimi nilishika mfuko.

Sasa lile la tunda. Tunda nene unalikata vipande, unalifunga lebo ya namba kwa uzi, unalikausha peke yake kwenye lile sanduku la balbu, kisha linaingia kwenye bahasha ndogo inayobandikwa kwenye karatasi ya tawi lake. Kati ya kukatwa na kubandikwa, hicho kilebo ndicho kinachojua tunda ni la nani. Vipande vikishakauka vinafanana sana, vyote vimejikunja, vyote kahawia. Ndiyo maana tulifundishwa kuamini namba kuliko macho. Na sheria ni kwamba lebo ikidondoka, tunda linatupwa. Tunda lisilo na namba ni takataka, hata ulijue vipi.

Kesho yake nilifika wa kwanza. Kufika wa kwanza ndicho kitu pekee nilichomshinda Njeri, naye alikaa mbali zaidi, kwa hiyo hata hicho hakikuhesabika sana. Nilifungua sanduku. Uzi ulikuwa umegusa balbu ukaungua, na lebo mbili zilikuwa zimelala kwenye sinia chini.

Niliyajua yale matunda. Mtu mwingine asingeyajua bila hadubini, lakini mimi nilicheza mpira nayo. Ningeweza kuyatupa, ndiyo sheria. Ningeweza kumsubiri. Nilichukua uzi, nikaifunga mia sita kumi na moja kwenye tunda kubwa na mia sita kumi na mbili kwenye dogo. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Kisha nikanawa mikono mara mbili kwa sabuni, kwa sababu ya sumu.

Msiseme shetani alinipitia. Hakuwepo mtu mle ndani ila mimi. Nilitaka akosee mara moja, mbele ya watu, nimwone anavyokuwa.

Hakuna kilichotokea. Hicho ndicho kitu cha kazi yetu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia: kosa halilipuki, linakaa. Njeri aliweka vipande kwenye bahasha, akabandika, akaandika kwa ule mwandiko wake, na karatasi zikaingia kabatini. Mara mojamoja nilikuwa navuta ile droo, nahakikisha bado ziko, naifunga. Ilipita miaka mitano.

Ndipo alipokuja mgeni, mtaalamu kutoka ng'ambo, mtu mpole wa ndevu aliyekuwa akiandika juu ya jamii nzima ya mimea hiyo. Alikaa wiki mbili akitazama mbegu kwenye hadubini. Siku moja wakati wa chai ya saa nne alisema, bila ubaya wowote, kwamba katika karatasi mbili matunda si ya matawi yake. Alikuwa ameshabandika vijikaratasi. Kwenye kila kimoja alikuwa ameandika kwamba matunda yamechanganywa na mchumaji.

Njeri alicheka. Akasema haiwezekani. Akainuka, akaenda kwenye hadubini, akainama. Sisi tulimaliza chai. Alipoinua kichwa alisema, "Ni kweli," na akamshukuru mgeni.

Mimi nilikuwa nikishona nyasi fulani. Nitawaambia nilichohisi kwa sababu niliahidi nafsi yangu kutodanganya humu: nilifurahi. Nilifurahi mpaka saa kumi jioni.

Saa kumi Njeri alikuja kwenye meza yangu na vikombe viwili. Akaketi.

"Mama Kioko, mimi sikumbuki nikichanganya hiyo kitu."

"Ni kawaida. Kila mtu hukosea."

"Hapana, hunielewi. Sikumbuki kabisa. Na unajua vile mama yangu alianza."

Nilijua. Sote tulijua. Mamake alianza kwa kufunga mbuzi kwenye boma la jirani na kuapa ni lake. Akaja kutia chumvi kwenye chai. Mwishowe alimwuliza Njeri, "Wewe ni msichana wa nani?" na akafa bila kumtambua hata mmoja wa watoto wake saba.

"Yeye alianza na kitu kidogo tu kama hii," Njeri akasema. "Usiambie mtu. Nimekwambia wewe juu wewe ni rafiki yangu."

Palikuwa na nafasi hapo ya kusema. Ilikuwa pana, mtu angeweza kupita na mkokoteni. Nami nikasema, "Pumzika kidogo, Mama Wambui. Utakuwa sawa."

Vijana wangu, lile la lebo lilikuwa kosa la asubuhi moja. Hili la sentensi moja ndilo nililolifanya miaka kumi.

Kwa sababu kuanzia hapo Njeri alianza kujichunga. Aliandika vitu kiganjani. Alihesabu karatasi mara tatu kabla ya kufunga kabati, kisha akarudi kutoka mlangoni kuhesabu tena. Akaacha kuweka sahihi yake kwenye vijikaratasi. "Weka yako," alikuwa akiniambia. "Wewe macho yako ni mazuri." Ndiyo maana mkivuta zile droo mtakuta jina langu kwenye mitunguja mingi ya miaka hiyo, na ninyi mmenisifu kwa hilo zaidi ya mara moja, na mimi nikaitikia. Mingi aliitambua Njeri, amesimama nyuma ya bega langu, akiuliza kwa sauti ndogo, "Ama unaonaje?"

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Mnaweza kudhani wivu uliisha. Haukuisha. Watu sasa walimletea chai yeye, walimbebea presi, walipunguza sauti akipita. Hata aibu aliibeba vizuri kuliko mimi ningeibeba. Mgeni yule wa ndevu alipomwandikia baadaye kuomba msaada wake katika kitabu, alijibu kwa adabu kwamba hawezi, na akamtajia jina langu. Nilimsaidia yule mtu kwa majuma mawili, kisha maswali yake yakanishinda.

Njeri aliomba kustaafu mapema, mwaka wangu wa ishirini na saba. Alisema anataka kulima. Sherehe yake ilikuwa na mbuzi wawili na wali, na watu walilia. Yangu, kama mnavyojua, ilikuwa na keki.

Nikabaki na kabati. Miaka saba, mimi na mitunguja yangu. Nilichokigundua ni kwamba sikuwa na la kuuliza.

Wiki yangu ya mwisho kazini niliandika vijikaratasi viwili. Nilieleza kwamba matunda ya namba hizo yalibadilishwa na mimi kwa makusudi, si na mchumaji; nikatia sahihi, nikabandika juu ya vile vya mgeni. Mkavione. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi kwa muda wa kupanda ngazi moja. Halafu nikakumbuka Njeri hafungui tena ile droo. Nilikuwa nimeungama kwa wajukuu wa wajukuu na kumruka mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kinoo.

Nyumba yao mnaiona mkiwa barabarani, iko nyuma ya zile za kupangisha, na kiwanja cha sukuma wiki mbele. Wambui, bintiye, alinifungulia. Siku hizi anaishi na mamake, aliacha kazi ya Mombasa akarudi ili asimwache peke yake. Njeri alikuwa ameketi jikoni akichambua maharagwe. Alikuwa amenenepa kidogo, anapendeza. Tulisalimiana, akaulizia Kioko, akaulizia goti langu. Hakusahau kitu.

Nilipoketi ndipo nilipoona. Jikoni kote kulikuwa kumebandikwa vijikaratasi. Kwenye mkebe, *chumvi*. Kwenye mwingine, *sukari*. Juu ya meko, *zima gesi, angalia tena*. Mlangoni, *Wambui ana funguo*. Kando ya simu palikuwa na majina ya watoto wake kwa mpangilio, na tarehe zao za kuzaliwa. Vyote kwa ule mwandiko wa duara, wazi, mzuri.

"Ni ya kujisaidia," akasema alipoona naangalia. "Bado sijafika pabaya. Nashukuru Mungu inaenda pole pole."

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani. Yote yalipotea.

"Mama Wambui, haiendi popote. Hukuchanganya yale matunda. Ni mimi."

Akaendelea kuchambua. "Matunda gani?"

"Ya Kitisuru."

Mikono ikasimama. "Mia sita kumi na moja na kumi na mbili," akasema.

"Ndiyo. Lebo zilianguka usiku, uzi uliungua. Nilizikuta asubuhi. Nikazifunga kinyume, nikijua."

Hakunitazama. Alitazama maharagwe. Kisha akauliza swali, kama siku zote. "Ulifunga na uzi gani?"

"Wa kijani. Mweupe ulikuwa umeisha."

Akafumba macho. "Huo uzi wa kijani," akasema polepole. "Niliuona siku ya kubandika. Nikajiuliza, mimi hutumia kijani lini? Nikasema labda nimesahau." Akafungua macho. "Halafu mgeni akasema nimekosea, nikakumbuka ule uzi. Ndiyo ilinimaliza. Mtu anafunga kitu na uzi na hata hajui."

"Hukufunga wewe."

"Sikufunga mimi."

Alisukuma sinia ya maharagwe. "Wambui! Kuja hapa." Binti akaja akipangusa mikono. "Mama Kioko, sema tena."

Nikasema tena, mbele ya mtoto niliyembeba mgongoni akiwa na surua. Wambui alinitazama namna ambayo sitaiandika.

"Sema tena," Njeri akasema. Nikasema mara ya tatu. Ndipo akaanza kucheka, na machozi yanamtoka, akamshika binti mkono akawa anasema naye Kikikuyu kwa haraka, na neno nililolishika mimi ni jina la mamake tu. Akainuka. Akabandua *chumvi*. Akabandua *sukari*. Wambui akapanda kiti akabandua ile ya juu ya meko. Walikuwa wanabandua wote wawili, wanacheka, wanasukumana kama wasichana, na karatasi zinaanguka kwenye maharagwe.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mkoba wangu. Hakuna aliyenifukuza. Njeri alinikumbuka alipogeuka kutafuta pa kutupa karatasi.

"Kwani ulikuwa unataka nini, Mumbua?" Tangu tuzae hakuwa ameniita kwa jina hilo.

"Nilitaka mtunguja."

"Kabati?"

"Kabati. Uwe wangu."

Alinitazama, na hakuwa na hasira, ningependelea hasira. Alikuwa anashangaa kweli.

"Si ungeniambia tu," akasema. "Ningekupea."

Akarudi kwa bintiye. Nilitoka nikapita kwenye sukuma wiki, nikafungua lango mwenyewe, nikalifunga. Kutoka barabarani bado nilikuwa nawasikia jikoni wakicheka. Nilisimama hapo na, Mungu anisamehe, nikamwonea wivu tena. Yeye alikuwa amerudishiwa akili yake yote, asubuhi moja, na mimi sikuwa na kitu ambacho mtu yeyote alinichukulia, ili siku moja aje kunirudishia.